Buu amekula plastiki. Kinyesi chake kinasemaje?

Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki yalipovunjika Geneva mnamo Agosti 2025, wengi hapa Nairobi walihamishia matumaini yao kwa mdudu. Habari yenyewe si uzushi. Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo kuhusu mabuu wa mbawakawa wa jenasi ya Alphitobius wanaokula polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi tunayoiita stairofomu, ya vyombo vya chipsi na ya kukinga televisheni zisivunjike zikisafirishwa. Mabuu waliopewa plastiki hiyo pamoja na pumba walikula asilimia 11.7 ya polistirini yote katika kipindi cha jaribio. Ikapita wiki moja tu kabla asilimia hiyo haijageuka, katika makundi ya WhatsApp, kuwa jalala zima la Dandora lililokwisha kuliwa. Watafiti hawakusema hivyo. Kichwa cha utafiti wao kinataja walichokitafuta: jenomu ya mitokondria ya mdudu huyo na bakteria wanaoishi utumboni mwake. Kosa ni letu wasomaji. Tumeshangilia kwamba buu anakula, ilhali swali lenye uzito ni kile kinachotoka upande wa pili: minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki, imekatika au imesagwa tu, na ni kemikali gani zimetoka pamoja nayo. Jibu la swali hilo halipatikani kwa mizani. Linapatikana kwa kromatografia, inayotenganisha molekuli, na spektrometria ya masi, inayozipima uzito, na bila vipimo hivyo sera zetu za plastiki zitaendelea kutungwa kwa kubahatisha.

Tuanze na kitu chenyewe. Sukari ya mezani ni molekuli za aina moja, zote zikiwa na uzito uleule. Plastiki haiko hivyo. Polistirini ni stirini nyingi zilizoshikana mkono kwa mkono, kila stirini ikiwa na uzito wa molekuli wa takriban 104, lakini katika kipande kimoja cha stairofomu utakuta minyororo mifupi, ya wastani na mirefu mno, yote ikiwa imechanganyika. Polistirini ya kibiashara mara nyingi huwa na wastani wa laki mbili au tatu hivi, yaani stirini elfu mbili hadi tatu katika mnyororo mmoja. Uti wa mgongo wa mnyororo huo ni kaboni iliyofungwa kwa kaboni, bila oksijeni katikati ambako maji au kimeng'enya cha kawaida kingepata pa kushika. Plastiki ya chupa za soda, PET, ina viungo vya namna hiyo, na ndiyo sababu madai kwamba bakteria wanaivunja yalikubalika kwa urahisi zaidi. Anayedai kuwa kiumbe kinavunja polistirini amebeba mzigo mzito wa ushahidi, na mzigo huo ni kuonyesha kwamba mgawanyo wa urefu wa minyororo umebadilika.

Kifaa cha kuuonyesha mgawanyo huo kilianza kazi zamani. Mwaka 1964 J. C. Moore, mkemia wa kampuni ya Dow Chemical, alieleza namna ya kupitisha polima iliyoyeyushwa ndani ya mrija uliojaa chembe ndogo zenye vinyweleo, ili molekuli zitengane kwa ukubwa. Fikiria lori na bodaboda zikishika barabara moja kutoka Githurai: bodaboda inaingia kila kichochoro inachokiona, lori halina kichochoro linachoweza kuingia, basi lori linafika mjini mwanzo. Ndani ya mrija mambo ni hayohayo. Minyororo mirefu haitoshei katika vinyweleo, hivyo hutoka kwanza. Mifupi hupotelea humo na kuchelewa. Ukilinganisha muda wa kutoka na ule wa polistirini za rejea ambazo uzito wake unajulikana, unapata mchoro wa mkunjo mmoja unaoonyesha wastani, upana, na mkia wa minyororo mifupi. Kwa polistirini kazi hii ni rahisi kwa sababu inayeyuka katika tetrahidrofurani kwenye joto la kawaida la chumba. Polithini ya mifuko ni mkaidi zaidi: inataka triklorobenzini na mashine inayohimili joto la nyuzi 140 au zaidi. Kwa hiyo anayesema "tupime plastiki" aulizwe kwanza ni plastiki gani.

Kromatografia hiyo ya ukubwa inaonyesha urefu, haionyeshi ncha. Hapo ndipo spektrometa ya masi inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye uhondo. Katika mbinu iitwayo MALDI, polima huchanganywa na kemikali inayofyonza mwanga pamoja na chumvi ya madini ya fedha, kisha hupigwa leza. Minyororo huruka mizima, kila mmoja ukiwa umebeba ioni ya fedha, na kukimbia ndani ya bomba lisilo na hewa. Safari hii minyororo myepesi ndiyo inayowahi kufika, kinyume cha mambo ya ule mrija wa Moore, jambo linalowachanganya wanafunzi kila muhula. Kinachochorwa ni safu ya vilele vilivyopangana kwa pengo moja lisilobadilika: 104, 104, 104. Toa uzito wa fedha, toa stirini zote, na masalio ndiyo uzito wa ncha mbili za mnyororo. Mnyororo wa kiwandani una ncha zinazotabirika. Mnyororo uliokatwa na kiumbe hai kisha ukabandikwa oksijeni utaonekana umesogea kwa 16, au kwa jumla ya 16 kadhaa. Koichi Tanaka wa Japani na John Fenn wa Marekani walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002 kwa kazi ya kuzifanya molekuli kubwa ziruke bila kuvunjika, na ingawa tuzo ile ilihusu molekuli za viumbe, wataalamu wa polima nao walifaidika.

MALDI ina udhaifu wake. Ukiiletea polima yenye mgawanyo mpana, kama stairofomu ya mtaani, minyororo mifupi itapiga kelele na mirefu itanyamaza, na utaandika kwamba plastiki imekatika kumbe ni mashine iliyopendelea mifupi. Dawa inayojulikana ni kuzifunga mbinu hizo mbili pamoja: kwanza kromatografia igawanye sampuli katika mafungu membamba kwa ukubwa, kisha kila fungu lipelekwe kwenye spektrometa. Huo ni utaratibu wa kawaida wa maabara za polima, na mtu akiuliza nini kinapaswa kudaiwa kabla ya kutangaza ushindi wa buu, jibu langu linaanzia hapo.

Wanaomtetea buu hawana mikono mitupu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Beihang kule Beijing pamoja na wenzao wa Stanford waliwalisha polistirini mabuu wa Tenebrio molitor, ndugu wa huyu wetu, na hawakuishia kwenye mizani. Walipima kinyesi kwa kromatografia ya ukubwa na kuona minyororo imefupika. Walitumia polistirini yenye kaboni iliyowekwa alama ya isotopu, wakaifuata hadi kwenye hewa wanayotoa mabuu. Katika siku 16, asilimia 47.7 ya kaboni iliyoliwa ilitoka ikiwa kaboni dioksidi. Mabuu waliopewa dawa ya jentamaisini, inayoua bakteria wa utumboni, walipoteza uwezo huo. Ni ushahidi mzito, na anayedai kwamba mabuu wanasaga plastiki tu bila kuivunja ana kazi ya kuueleza. Lakini soma hesabu hiyo mpaka mwisho: asilimia 49.2 ya kaboni ilitoka kwenye kinyesi, na takriban nusu ya asilimia moja tu ndiyo iliyoingia mwilini mwa mdudu. Wanaoshangilia hunukuu nusu ya kwanza. Wanaobeza hunukuu ya pili. Utafiti ni uleule.

Uzoefu wa dunia unatufundisha pia jinsi ilivyo rahisi kudanganyika. Mwaka 2017 jarida la Current Biology lilichapisha habari za kiwavi wa nta anayetoboa mifuko ya polithini, na dunia ikasherehekea. Kabla mwaka haujaisha, wanakemia wa Mainz, Ujerumani, walijibu katika jarida hilohilo kwamba ishara zilizosomwa kuwa plastiki iliyovunjika zingeweza kutokana na mabaki ya tishu za kiwavi yaliyoganda juu ya plastiki. Si kwamba kiwavi hatafuni. Ushahidi wa kemia ndio uliokuwa hautoshi, kwa sababu mwili wa mnyama una mafuta na protini, na mafuta yana minyororo ya kaboni na hidrojeni inayofanana mno na polithini.

Mtego huohuo ndio ulio nyuma ya ile habari nyingine iliyotutia hofu, ya plastiki ubongoni. Februari 2025 watafiti wa New Mexico, Marekani, walitangaza katika Nature Medicine kuwa wamepima plastiki kwenye ubongo wa maiti, nyingi yake ikiwa polithini, na magazeti yakaifananisha na uzito wa kijiko cha plastiki. Mbinu waliyotumia ni ya kuchoma sampuli ghafla kwenye joto kali pasipo oksijeni, halafu kupitisha mvuke kwenye kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi. Kila polima huacha vipande vyake: akriliki hujifungua na kurudi metili methakrileti, polipropilini hutoa hidrokaboni yenye matawi ambayo ni rahisi kuitambua, polithini hutoa mlolongo wa hidrokaboni zilizonyooka. Shida ni kwamba mafuta ya mwilini yakichomwa nayo hutoa hidrokaboni zilizonyooka, na ubongo ni kiungo chenye mafuta mengi. Wakosoaji, wakiwamo walioandika katika jarida lilelile, walihoji kama mafuta yaliondolewa vya kutosha. Sisemi ubongo hauna plastiki. Nasema kiasi kilichotangazwa kinategemea jinsi sampuli ilivyosafishwa kabla ya kuchomwa, na hilo halikuandikwa kwenye gazeti lolote nililoliona likiuzwa mjini.

Mrudie buu wa Kasarani ukiwa na somo hilo. Ungedhani polistirini iko salama, kwa kuwa ikichomwa hutoa stirini, na mafuta hayatoi stirini. Lakini mdudu ana ganda la kitini na mwili wa protini, na protini yenye fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga, pamoja na kitini chenyewe, vikichomwa vinaweza kutoa stirini pia. Mtu akichoma kinyesi cha buu na kuhesabu stirini, sehemu ya hesabu yake ni buu mwenyewe. Maabara makini hutafuta stirini tatu zilizobaki zimeshikana, kipande ambacho wadudu hawana namna ya kukitengeneza. Vivyo hivyo katika kromatografia ya ukubwa: kitambuzi kinachoona kila kitu kilichoyeyuka kitahesabu mafuta ya mdudu kuwa polima fupi, ilhali kitambuzi cha miale ya urujuanimno cha nanomita 254 huiona pete ya benzini ya polistirini na karibu kuyapuuza mafuta. Vitambuzi viwili vikikubaliana, tunaanza kuaminiana.

Sasa ile hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ambayo ndiyo maarufu kuliko zote: mizani inatosha, kilichopungua kimeliwa na kilicholiwa kimekwisha. Uzito hupungua kwa sababu nyingi. Chembe huanguka zikachanganyika na pumba. Stairofomu yenyewe ina masalio ya stirini ambayo haikushikana, jozi na utatu wa stirini, na viungio vilivyowekwa kiwandani, vyote vyepesi na vyote vinaweza kutoka bila mnyororo mmoja mrefu kuguswa. Na hata plastiki yote iliyopungua ikiwa imepita tumboni, mizani haitofautishi kati ya kaboni iliyokwenda hewani na chembe ndogo zaidi zilizolala kwenye kinyesi zikisubiri mvua izipeleke Mto Nairobi. Kwa kipimo hicho mashine ya kusaga nayo ingehesabiwa kuwa imemaliza stairofomu.

Hoja ya ukubwa wa kazi nayo inastahili dakika moja tu. Mabuu 100 wa Tenebrio walikula miligramu 34 hadi 39 za stairofomu kwa siku. Tuseme chombo cha chipsi kina gramu tano: mabuu hao 100 wangekimaliza baada ya siku zisizopungua 128. Ndiyo maana watafiti wenyewe huzungumzia zaidi kutafuta vimeng'enya na bakteria kuliko kumwaga wadudu jalalani.

Kinachonitia wasiwasi kiko shambani. Binamu yangu anayefuga kuku huko Ruiru aliniuliza kama anaweza kulisha mabuu stairofomu ya bure kisha awape kuku wake. Ni swali la mtu mwenye akili: chakula cha kuku ni ghali, na mabuu wa nzi tayari wanauzwa kama protini ya mifugo, kinyesi chao kama mbolea. Nikamwambia kwanza kwamba Alphitobius si mgeni bandani. Ni mdudu msumbufu anayejulikana kubeba vimelea, wakiwamo salmonela. Halafu kuna viungio. Kwa miaka mingi stairofomu za ujenzi na za vifungashio fulani ziliwekwa HBCD, kemikali ya kuzuia moto ambayo mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya vichafuzi vinavyodumu. Watafiti wa Stanford waliifuatilia kwa mabuu wa Tenebrio: takriban asilimia 90 ilitoka ndani ya saa 24, na karibu yote ndani ya saa 48. Vichwa vya habari vikasema mabuu ni salama kuliwa. Huenda. Lakini ile HBCD haikutoweka. Ilihamia kwenye kinyesi. Anayekusanya kinyesi hicho, akakifunga kwenye magunia na kukiuza kwa mkulima wa sukuma wiki, amechukua sumu iliyokuwa imefungiwa ndani ya plastiki na kuisambaza kwenye udongo. Hakuna mizani wala pua itakayomwonyesha. Ni kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi itakayomwonyesha, katika kiwango cha sehemu kwa bilioni.

Wapo watakaosema mashine hizi ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hii ni ya kuheshimiwa zaidi kuliko ile ya mizani, kwa sababu heliamu, gesi inayosukuma sampuli ndani ya mashine, ni ghali, vimumunyisho vinaagizwa kutoka nje, na stima ikipotea ghafla pampu za ombwe zinaumia kuliko friji ya nyumbani. Lakini inasahau tulichonacho. Kasarani hapohapo kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi zimetumika kwa miongo kusoma harufu ambazo wadudu hutumia kuitana, na mashine ya namna hiyo haijali kama hidrokaboni imetoka kwa nondo au kwa polipropilini. Kinachoongezwa ni tanuri dogo linalofungwa kwenye mlango wa kuingizia sampuli. Kromatografia ya ukubwa nayo, kwa polistirini, ni pampu ya kawaida ya kimiminika yenye mirija tofauti na kitambuzi kimoja au viwili. Ghali hasa ni mtu: mkemia anayejua kwamba kilele kile ni kitini na si stirini, na anayelipwa vya kutosha asihame baada ya mwaka. Bajeti zetu zina mazoea ya kununua chombo, kukata utepe, na kumsahau huyo.

Nchi hii haikuogopa kuchukua hatua kali. Marufuku ya mifuko ya Agosti 28, 2017 iliweka faini ya shilingi milioni mbili hadi nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na mwishoni mwa 2024 kanuni zinazowawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao mpaka zinapokuwa taka. Zote hizo huhukumu plastiki kwa jina lake na matumizi yake. Mfuko ukiandikwa kwamba unaoza, NEMA, mamlaka ya mazingira, na KEBS, shirika la viwango, wanahitaji kujua kama ni polima inayokatika kweli au ni polithini iliyotiwa kiungio cha kuifanya imeguke vipande haraka. Kwa jicho, baada ya miezi kadhaa juani, hizo mbili zinafanana. Kwenye mchoro wa kromatografia hazifanani, na muuzaji aliyeandika uongo hana pa kujificha. Chembe za plastiki iliyochakatwa upya zinazouzwa Viwandani nazo zina historia ndani yake: kila mara plastiki inapoyeyushwa minyororo hukatika, na kiungio cha chombo cha zamani cha dawa ya wadudu kinaweza kuibuka kwenye beseni la jikoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara na NEMA si kubwa. Mradi wowote wa mabuu wa kula plastiki utakaotaka kibali cha kibiashara, chakula chake cha mifugo na mbolea yake visitoke getini kabla ya vipimo vitatu kuwekwa hadharani: mgawanyo wa uzito wa molekuli wa polima kabla na baada ya kuliwa, kwa vitambuzi viwili; vipande vya polima kwenye kinyesi, kwa alama ambayo mdudu hawezi kuiiga; na orodha ya viungio vilivyobaki kwenye mwili wa buu na kwenye mbolea, HBCD ikitajwa kwa jina. Gharama ilipwe kutokana na michango ya wazalishaji chini ya kanuni zile za 2024, kwa kuwa wao ndio waliotia viungio hivyo na wao ndio wenye orodha kamili. Na kwa kuwa wanayo, wadaiwe pia waitoe: maabara ikijua inachotafuta, kazi ya wiki nzima inaweza kuwa ya asubuhi moja.